Maisha ya Louis Braille, Mwalimu wa Vipofu na Mpiga Kinanda

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona kitabu kikubwa cha karatasi nene nyeupe, kisicho na wino hata tone moja, na juu ya kila ukurasa nukta ndogo zilizotuna kama vipele. Kipofu hukiweka magotini, hupitisha vidole vyake polepole, na midomo yake husoma Injili kwa sauti kama tusomavyo sisi. Wengi wakiona hayo hustaajabu, wakasema ni akili ya Wazungu, wakaenda zao. Lakini nukta hizo zilitungwa na mtoto kipofu wa miaka kumi na mitano, mwana wa fundi wa ngozi wa kijijini, naye baadaye akawa mpiga kinanda kanisani na mwalimu wa vipofu wenzake mpaka kufa. Habari zake twataka kuziandika hapa, kwa kuwa katika sharika zetu wako vipofu, na si mara nyingi twafikiri juu yao ila siku ya kugawa sadaka.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kiasi cha kilometa arobaini mashariki ya Paris, katika nchi ya Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi: hatamu, mikanda, na matandiko ya kukalia. Mama yake aliitwa Monique. Louis alikuwa kitinda mimba wao, mtoto wa nne. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliingia karakana ya baba yake, akashika chombo kikali cha kukatia ngozi, akataka kufanya kama alivyomwona baba akifanya. Chombo kikateleza, kikamchoma jicho. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuzuia usaha. Jicho likaoza, na ubaya ule ukahamia jicho la pili. Alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumfungia nyumbani. Baba alimkatia fimbo ya kupapasia njia, akampa kazi ndogo ndogo karakanani, tena akagonga misumari katika ubao kwa mfano wa herufi, ili mtoto azijue kwa vidole. Twaomba wazazi wa watoto vipofu wakae kidogo hapo, wamtazame fundi huyo na misumari yake. Mwaka 1815 alifika kijijini padre aliyeitwa Jacques Palluy, akampenda mtoto, akamfundisha. Na mwalimu wa shule, Antoine Bécheret, akakubali aketi darasani pamoja na wenye macho. Louis alisikiliza tu, wala hakuweza kuandika, lakini alijibu kuliko wengi walioandika. Hao walimwendea bwana mkubwa wa mahali pale wakamwomba aandike barua, na kwa msaada huo tarehe 15 Februari 1819 Simon-René alimchukua mwanawe mwenye miaka kumi mpaka Paris, akamwacha katika Chuo cha Kifalme cha Vijana Vipofu.

Hapa yafaa tueleze asili ya chuo hicho. Mwaka 1771 kijana mmoja, Valentin Haüy, alipita katika maonyesho sokoni Paris akaona vipofu wamevikwa kofia za kuchekesha na miwani ya karatasi, wamewekewa vitabu vya muziki mbele yao kama wasomao, nao wapiga fidla ovyo ili watu wacheke na kutupa fedha. Haüy hakucheka. Miaka ya baadaye alimchukua kijana kipofu mwombaji aitwaye François Lesueur, akaanza kumfundisha, akatambua ya kuwa vidole vya kijana vyaweza kujua herufi ikiwa imekandamizwa karatasini hata ikatuna upande wa pili. Basi akaanzisha shule, ya kwanza ya namna yake duniani, na akapiga chapa vitabu vyenye herufi kubwa zilizotuna.

Lilikuwa jambo kubwa, nasi hatutaki kulidharau. Lakini herufi zile zilikuwa zile zile zisomwazo kwa macho, zimekuzwa tu na kuinuliwa. Kidole kilipaswa kuzunguka kila herufi, kutambua tao na mguu wake, ndipo kwenda kwa ya pili. Na kabla ya mwisho wa sentensi msomaji amekwisha kusahau mwanzo wake. Kila kitabu kilikuwa kizito, chenye gharama nyingi, na vilikuwa vichache chuoni. Tena kipofu hakuweza kuziandika mwenyewe. Aliweza kupokea neno, asiweze kulirudisha.

Nyumba ya chuo, katika mtaa wa Saint-Victor, ilikuwa ya zamani, yenye giza na unyevunyevu. Ilikuwa seminari hapo kale, na wakati wa mapinduzi ya Wafaransa ilifanywa gereza la mapadre. Watoto wengi waliugua humo. Louis alijifunza sarufi, hesabu, jiografia, na kazi za mikono, lakini kilichomvuta moyo kuliko vyote kilikuwa muziki. Alijifunza piano, akajifunza selo, lile zeze kubwa la nyuzi nne, na mwisho akaketi mbele ya kinanda kikubwa cha kanisani. Wenzake wa kufa na kuzikana walikuwa wawili: Gabriel Gauthier, aliyekuwa mtunzi wa nyimbo na mpiga kinanda, na Hippolyte Coltat, ambaye baadaye aliandika maisha yake, na mengi tuyajuayo yametoka kwake.

Mwaka 1821 alikuja chuoni ofisa wa jeshi, Charles Barbier, akaleta maandiko aliyoyabuni, yasiyotumia wino, ila nukta zilizodungwa katika karatasi. Mtu aliweza kuyaandika gizani na kuyasoma kwa kidole. Wanafunzi walipopapasa walifurahi sana, kwa maana kidole huitambua nukta upesi kuliko mstari. Lakini upungufu ulikuwako. Barbier aliandika sauti tu, si tahajia, wala hakuweka alama za vituo wala tarakimu. Tena kila alama yake yaweza kuwa na nukta kumi na mbili, ndefu kupita ncha ya kidole. Barbier alikuwa na sababu yake: alitaka kuwasaidia maskini wasio na nafasi ya kujifunza tahajia. Lakini Louis hakutaka maandiko ya watu wasiojua tahajia. Alitaka kipofu aandike kama aandikavyo mtu yeyote aliyesoma, neno kwa neno, na kituo mahali pake.

Akaanza kazi akiwa na miaka kumi na miwili. Mchana alikuwa na masomo, hivyo alifanya kazi usiku, na siku za likizo huko Coupvray, ana ubao, karatasi, na chombo cha kudungia. Tumewaza mara nyingi ya kuwa chombo hicho ni ndugu wa kile kilichompofusha. Lakini tusiseme mengi juu ya hayo, maana yeye mwenyewe hakuyafanya hadithi. Mwaka 1824 alikuwa amekwisha kupata msingi.

Msingi wenyewe ni mwepesi, na kila mwalimu wa dini aweza kuuelewa. Chukua nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu, ndogo hata zikae chini ya ncha ya kidole kimoja kwa mguso mmoja. Kwa nukta hizo sita, ukiweka hii na kuiacha ile, wapata alama sitini na tatu. Herufi kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu tu: a ni nukta moja ya juu kushoto, b ni hiyo pamoja na iliyo chini yake. Herufi kumi zifuatazo ni zile zile za kwanza zikiongezwa nukta ya chini kushoto, na zinazofuata tena huongezwa mbili za chini. Hivyo aliyejua kumi amekaribia kujua zote. Herufi w haikuwamo, kwa sababu Wafaransa hawakuitumia katika maneno yao wenyewe, iliongezwa baadaye. Mwandishi kipofu huweka karatasi katika kibao chenye vidirisha, akadunga kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi akasoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Na kwa kuwa alikuwa mwanamuziki, hakuishia kwenye maneno. Alama zile zile alizipanga ziwe noti za muziki, urefu wake na mahali pake. Mpigaji kipofu hawezi kusoma kwa vidole na huku apiga kwa mikono miwili; hivyo husoma mstari kwanza, akaushika moyoni, ndipo hupiga. Kabla ya hapo alimtegemea mtu wa kumpigia wimbo asikie. Tangu hapo aliweza kujifunza peke yake. Mwaka 1829 kitabu chake cha kueleza njia hiyo kilipigwa chapa, kikihusu maneno, muziki, na nyimbo za ibada. Mlikuwamo bado mistari mifupi pamoja na nukta, lakini mistari ilikuwa migumu kuandika, naye akaiacha. Chapa ya pili ya mwaka 1837 ndiyo iliyo karibu na hii itumiwayo leo. Katika kile cha kwanza alimtaja Barbier kwa shukrani, akikiri kuwa alianzia kwake. Si kila mvumbuzi afanyaye hivyo.

Mwaka 1828 alikuwa amefanywa mwalimu msaidizi, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili, yeye pamoja na Gauthier na Coltat. Alifundisha sarufi, historia, jiografia, hesabu, piano, na selo. Kwa wanaoanza hesabu aliandika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1838. Maneno yake darasani yalikuwa machache na safi. Nje ya darasa alipiga kinanda katika makanisa ya Paris, miongoni mwake Saint-Nicolas-des-Champs, na miaka ya mwisho Saint-Vincent-de-Paul. Alikuwa Mkatoliki wa Roma, nasi ni Walutheri. Lakini mtu aketiye kwenye kinanda Jumapili baada ya Jumapili ili usharika wamsifu Mungu, hatuoni haya kumhesabu kuwa ndugu.

Coltat asimulia jinsi alivyowatunza wanafunzi wake hata baada ya kutoka chuoni. Mwanafunzi kipofu akimaliza masomo hurudi kwenye ulimwengu usiomtaka. Hana kazi, na kwao wamemzoea kuwa mzigo. Braille aliwakopesha fedha katika mshahara wake mdogo, akawatafutia mahali, na mara moja aliacha nafasi ya kupiga kinanda yenye malipo mema ili aipate kipofu mwingine aliyeihitaji kuliko yeye. Twawaomba wazee wa kanisa wapime neno hilo. Ni rahisi kwetu kumpa kipofu senti mlangoni; kumpa nafasi yetu wenyewe ni jambo jingine. Chuo kile kilitoa wapiga vinanda na mafundi wa kulinganisha sauti za piano. Mmoja wao, Claude Montal, aliyekuwa mwanafunzi tena mwalimu humo, aliandika kitabu mwaka 1836 cha kufundisha kazi hiyo, na watu wenye macho wakajifunza kwake.

Tangu miaka ishirini na sita hivi Braille alianza kukohoa. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, uliowapata wengi katika nyumba ile. Akapunguziwa mafundisho, na mara kadhaa akarudi Coupvray kupumzika. Hakuacha kazi. Aliona ya kuwa nukta zake zawafaa vipofu wao kwa wao, lakini mama mwenye macho hawezi kuisoma barua ya mwanawe kipofu. Basi mwaka 1839 akatoa njia nyingine, ya kudunga nukta nyingi kwa umbo la herufi za kawaida, hata kila mtu aweze kuzisoma. Kazi hiyo ilikuwa ya taratibu mno. Ndipo Pierre Foucault, aliyekuwa amesoma chuoni naye pia kipofu, akamtengenezea mashine, na mwaka 1841 ilifanya kazi. Vipofu wakawaandikia watu wa kwao barua kwa mikono yao.

Sasa twafika kwenye sehemu chungu. Mkuu wa chuo, Pignier, aliyempenda Braille na kuruhusu nukta zake, aliondolewa mwaka 1840, na mahali pake akawekwa Dufau. Huyu hakuwa mtu mbaya; aliwajali vipofu na kuandika juu yao. Lakini aliamini ya kuwa wakiwa na maandiko yao peke yao watatengwa na watu wengine, na kwamba walimu wenye macho watashindwa kuwasahihisha. Akaleta herufi zilizotuna za namna mpya, zilizotumika Marekani na Skotlandi. Vitabu vya kale vya Haüy vikachomwa moto, na nukta za Braille zikakatazwa. Wanafunzi hawakutii. Waliandikiana kwa siri, wakubwa wakawafundisha wadogo, kwa kila kitu chenye ncha walichokipata.

Kosa la Dufau ni kosa la watu wema, na kwa hiyo latuhusu. Alizitazama herufi zake, zikapendeza macho yake, akadhani zafaa. Hakuuliza kidole. Bwana wetu, Bartimayo alipoletwa mbele yake, ingawa kila mtu aliona yule ana shida gani, alimwuliza kwanza ataka afanyiwe nini. Sisi hapa tumekwisha kupanga mambo mengi kwa ajili ya vipofu wa usharika, wakae wapi, nani awashike mkono, waimbe au wasiimbe kwaya, na twakiri ya kuwa ni mara chache tulipoanza kwa kuuliza. Kijana mmoja kipofu tulimweka miaka mingi kwenye benchi la mlangoni, tukiona ni karibu kwake. Alipoulizwa mwisho, alisema ataka kuketi karibu na kinanda.

Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, aliwatazama wanafunzi, akaona yale ambayo mkuu wake hakuyaona, akajifunza nukta mwenyewe. Chuo kilikuwa kimehamia nyumba mpya kwenye barabara ya Invalides mwaka 1843, na siku ya kuifungua, tarehe 22 Februari 1844, njia ya Braille ilielezwa kwa sifa mbele ya wageni, Dufau mwenyewe akiwapo na akiwa ameridhia. Braille alikuwako, akasikia. Tangu siku ile nukta hazikukatazwa tena.

Akaishi miaka minane zaidi, afya yake ikipanda na kushuka. Mwezi wa Desemba 1851 alitokwa na damu nyingi kifuani, akajua ya kuwa safari imekaribia. Alipokea sakramenti kwa moyo mtulivu, akapanga mambo yake yaliyokuwa machache, akiwakumbuka hata watumishi wa chuo. Akafariki tarehe 6 Januari 1852, siku ya Epifania, ambayo kanisa lakumbuka nuru iliyowajia mataifa. Alikuwa ametimiza miaka arobaini na mitatu siku mbili tu kabla yake. Magazeti ya Paris hayakumtaja.

Aliacha kisanduku kidogo, na agizo kwamba kichomwe moto pasipo kufunguliwa. Rafiki zake walishindwa na udadisi, wakakifungua. Ndani mlikuwa na karatasi za madeni, za wanafunzi aliowakopesha miaka yote ile, wasioweza kumlipa. Alitaka deni life pamoja naye. Wakazichoma.

Mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake, nukta zilikubaliwa rasmi katika Ufaransa, na mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliokutana Paris ukazichagua kuwa maandiko ya vipofu. Zikavuka bahari. Katika Kenya, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu Thika mwaka 1946. Katika Tanganyika, Waanglikana walifungua ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Na Walutheri wakafungua ya Irente, milimani Lushoto, mwaka 1963. Kiswahili hakikuhitaji nukta mpya: a ya Coupvray ndiyo a ya Lushoto.

Mwaka 1952, miaka mia ilipotimia, Wafaransa waliutoa mwili wake kaburini Coupvray wakaupeleka Paris, wakauzika katika Panthéon pamoja na wakuu wa taifa lao. Lakini watu wa kijiji walimdai mwana wao, na mikono yake ikabaki Coupvray, katika makaburi ya kwao.